Mkia wa gari la difu ya nyuma ukitoka kwenye kona, mguu ubaki kwenye mafuta au uondoke?

#1 Mgeni wa Difu

Wakuu, salamu. Kwa miaka mingi nimeendesha magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na sasa nimehamia kwenye sedani ya silinda sita, gia otomatiki, injini mbele na difu nyuma, yaani magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma gari. Barabara ikiwa kavu sina lalamiko, kwa sababu gari limetulia na usukani wake ni msikivu kuliko ule niliouzoea. Tatizo ni mvua. Nilikuwa natoka kwenye mzunguko, lami imelowa, mwendo haujafika kilomita 40 kwa saa, nikakanyaga mafuta ili nijiunge na magari yaliyokuwa yakipita, na papo hapo mkia ukatoka kuelekea nje ya kona. Ile taa ya njano yenye picha ya gari na michirizi ya matairi ikapepesa, kisha gari likanyooka lenyewe kabla mimi sijafanya lolote la maana.

Nimewauliza watu watatu na nimepewa majibu matatu. Wa kwanza anasema niachie mafuta mara moja. Wa pili anasema kuachia mafuta ndiko kunakozungusha gari, kwa hiyo mguu ubaki palepale ulipo. Wa tatu anasema nikanyage breki kwa nguvu zote kwa kuwa gari lina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Naomba kujua yupi kati yao anafaa kusikilizwa, na mtu anajifunzaje kuliendesha gari la namna hii bila kufundishwa na mtaro.

#2 Abiria wa Kudumu

Jibu la nne ni kunikabidhi mimi funguo, halafu wewe ukae kiti cha nyuma, ambako mkia ukitoka utakuwa wa kwanza kujua.

#3 Mzee wa Propela

Karibu kwenye magari yanayosukuma. Ukivuta mkokoteni unakufuata uendako, lakini ukiusukuma kwenye eneo lenye utelezi unaweza kukugeukia ukabaki ubavu. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya gari lako la zamani na hili.

Kuhusu wale watu watatu, wawili wa kwanza wote wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake. Mkia hutoka kwa sababu zaidi ya moja. Ukikanyaga mafuta kupita uwezo wa matairi ya nyuma, magurudumu yanazunguka kasi kuliko barabara inavyopita chini yake, na hapo dawa ni kupunguza mafuta kwa upole. Lakini ukiingia kwenye kona kwa mwendo mkali kisha ukashtuka na kunyanyua mguu ghafla, uzito wa gari unahamia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na kunyanyua mguu huko ndiko kunakoutoa mkia. Kwenye kisa hicho cha pili, kuachia mafuta zaidi ni kuzidisha kile kile kilichosababisha tatizo. Kwa maelezo yako, wewe ulikuwa kwenye kisa cha kwanza.

#4 Nguvu na Kani

Mzee wa Propela, nakubaliana nawe kwenye visa viwili, lakini mfano wa mkokoteni nauona unapotosha. Gari linalosukumwa kutoka nyuma halina tabia ya kugeuka kwa sababu tu linasukumwa, kwani magurudumu ya mbele yanaliongoza muda wote, jambo ambalo mkokoteni hauna. Kinacholigeuza ni tairi la nyuma kupewa kazi mbili kwa wakati mmoja na kushindwa zote mbili.

Mshiko wa tairi unaweza kuchorwa kama duara, ambalo wahandisi hulihusisha na jina la Mjerumani Wunibald Kamm. Mstari wa kutoka katikati kwenda mbele ni nguvu ya kusukuma, wa kwenda nyuma ni breki, na wa kwenda ubavuni ni kona. Jumla yake haiwezi kutoka nje ya duara. Kwenye gari la kuvuta, matairi ya mbele ndiyo yanayobeba usukani pamoja na mafuta, kwa hiyo ukizidisha, pua inakwenda nje na gari linakataa kukata kona. Kwenye gari la kusukuma, ya mbele yameachiwa usukani peke yake, na ndiyo maana Mgeni anausifu usukani wake. Ya nyuma yanabeba kona pamoja na mafuta, na yakizidiwa mkia ndio unaokwenda nje. Tofauti kwa dereva ni kwamba pua ikikataa, mtu hupunguza mwendo kwa silika na mara nyingi hali inarudi. Mkia ukitoka, silika inamwelekeza kwenye breki, na hapo silika inamponza.

#5 Tairi Kipara

Kwa maelezo yako, nikishatumia asilimia 80 ya mshiko kwenye kona, nimebakiwa na asilimia 20 ya kukanyagia mafuta?

#6 Nguvu na Kani

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kwa kuwa ni duara, zinajumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras. Ukitumia asilimia 80 ubavuni, unabaki na 60 ya kusukuma. Ukitumia 95 ubavuni, unabaki na takribani 31. Habari mbaya iko mwishoni kabisa, kwa sababu mtu aliyezoea kuona bado ana akiba kubwa anashangaa inavyotoweka ghafla kwenye asilimia chache za mwisho. Matairi halisi hayafuati duara kamili, lakini picha yake ndiyo hiyo.

Tuchukue mzunguko wenye nusu kipenyo cha mita 20. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari linadai ubavuni karibu theluthi moja ya uzito wake. Kwa kilomita 40 linadai zaidi ya sita ya kumi, kwa kuwa mwendo unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Lami kavu yenye matairi mazuri inaweza kutoa nane au tisa ya kumi, ila lami iliyolowa, hasa iliyong'arishwa na magari mengi, inaweza kushuka hadi tano ya kumi au chini yake. Kwa hiyo "haujafika 40" kwenye mzunguko mdogo uliolowa si mwendo mdogo hata kidogo.

#7 Kona ya Tatu

Wakuu, mnaizungusha hoja bure. Jina lake ni gari kuelea juu ya maji, na linampata yeyote. Tena mimi niliondoka kwenye magari ya difu ya nyuma kwa sababu hiyo hiyo, maana gari la kuvuta halitoi mkia hata siku moja.

#8 Mzee wa Propela

Kona ya Tatu, kauli ya pili si kweli. Gari la kuvuta linatoa mkia vizuri kabisa dereva akinyanyua mguu au akigusa breki katikati ya kona, na magari mengi madogo yenye mkia mwepesi yana sifa hiyo. Lisichoweza kufanya ni kuutoa mkia kwa kukanyagiwa mafuta.

#9 Nguvu na Kani

Hata ya kwanza ina walakini. Watafiti wa NASA waliochunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 waliacha kanuni rahisi ambayo bado inatumika kukadiria mwendo wa tairi kuanza kuelea: unachukua kipeuo cha pili cha presha ya tairi kwa psi, unazidisha kwa 10.35, na jibu ni maili kwa saa. Kwa psi 30 inatoka kama kilomita 91 kwa saa. Matairi ya gari dogo yaliyolika huelea mapema kuliko hapo maji yakiwa mengi, lakini kwa mwendo wa Mgeni kwenye mzunguko, maelezo hayo hayafiki. Lami yake ilikuwa telezi, na matairi yalikuwa yanaigusa.

#10 Kona ya Tatu

Nimekuelewa kuhusu hesabu. Bado nauliza, kama si maji, mbona kavu hailalamikii?

#11 Tairi Kipara

Kwa sababu barabara kavu inasamehe matairi mabovu na barabara iliyolowa haisamehi. Mgeni wa Difu, kabla watu hawajakufundisha kukanyaga, nenda kaangalie matairi manne na urudi na majibu. Tazama kina cha kashata, ile michongo ya mpira inayogusa barabara, kwa kuwa tairi jipya huja na milimita kama 8 na vile vijiti vya alama ndani ya mifereji vimewekwa kwenye milimita 1.6, lakini uwezo wa kutoa maji unaporomoka mapema kabla ya kufika hapo. Tazama pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu tuambie kama ya mbele na ya nyuma ni ya aina moja.

Na ukinunua mawili tu, mapya yakae nyuma.

#12 Dereva wa Usiku

Hapo kwa "mapya yakae nyuma" kuna watu watakupinga, kwa kuwa mafundi wengi huyaweka mbele wakidai ndiko kwenye breki na usukani.

#13 Tairi Kipara

Watapinga, lakini watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri nyuma, na ushauri huo ni kwa gari la kuvuta na la kusukuma vilevile. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko kwanza, dereva anausikia usukani ukiwa mtupu na anapunguza mwendo. Ya nyuma yakitangulia, hapati taarifa mpaka gari limeshaanza kugeuka.

#14 Spana Kumi na Nne

Mimi ni fundi, na nitawaudhi wanafizikia kidogo. Sina ugomvi na duara, ila hakuna aliyeuliza gia ilifanya nini. Gari la otomatiki linalotoka kwenye mzunguko huwa kwenye gia ya juu kwa mwendo huo. Dereva akikanyaga mafuta hadi nusu au zaidi ili kuwahi nafasi, gia inasita kidogo kisha inashuka moja au mbili kwa mpigo, na nguvu inayofika kwenye magurudumu ya nyuma inaruka ghafla wakati usukani bado umekatwa. Mguu wake ulikwenda taratibu, lakini gari halikutoa nguvu taratibu. Nimesikia maelezo kama ya Mgeni kutoka kwa wateja wengi waliotoka kwenye magari ya injini ndogo, na karibu wote wanasema "nilikanyaga kidogo tu".

Magari mengi ya Kijapani ya namna hii yana kitufe cha SNOW, ambacho hulifanya gari liondoke kwa gia ya pili au lipokee mafuta kwa upole. Kwenye mvua kinafaa, hata kama hujawahi kuona theluji.

Kisha kuna mambo mawili ya uvunguni. Bushi, yaani mipira ya viungio, za mikono inayoshikilia magurudumu ya nyuma zikichoka, gurudumu linabadilisha uelekeo wake kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na dereva anahisi mkia unajiendesha. La pili ni difu yenyewe, ambayo kwa kawaida huruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Kwa kuwa umelinunua likiwa limetumika, huwezi kujua mwenye gari wa kwanza alikuwa na tabia gani. Wapo wanaochomelea difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja wakati wote, kwa ajili ya michezo ya kuteleza. Ipime hivi: kwenye lami kavu, sehemu ya wazi, zungusha gari taratibu sana usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Tairi la ndani likilia na gari likaruka-ruka kwa nyuma, kuna jambo.

#15 Nguvu na Kani

Spana, sijaudhika. Niongeze tu kwamba difu ya kawaida iliyo wazi humlinda dereva bila yeye kujua, kwa sababu tairi la ndani lililo jepesi ndilo linalozunguka bure, na la nje linaendelea kushikilia mkia. Difu iliyofungwa, au ile inayozuia tofauti ya mzunguko, inaweza kuyaangusha matairi yote mawili kwa pamoja.

#16 Mgeni wa Difu

Ahsanteni, nimerudi na majibu. Matairi ya mbele ni ya 3021 na ya nyuma ni 0816, na ni ya watengenezaji tofauti. Kashata ya nyuma bado ni nene, ndiyo maana muuzaji aliniambia hayana shida. Presha niliikuta psi 40 nyuma, wakati kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 32. Nimelizungusha gari kama alivyoelekeza Spana, na halikulia wala kuruka. Fundi ameliinua na kusema bushi moja ya nyuma imeanza kupasuka, ingawa haijaisha. Na ndiyo, nilikanyaga zaidi ya kidogo, na gia ilishuka.

#17 Abiria wa Kudumu

Kwa hiyo kila mtu humu ameshinda. Nasubiri zamu yangu ya kuwa sahihi.

#18 Tairi Kipara

Mimi nimeshinda zaidi. Mpira wa tairi hukauka na kuwa mgumu kwa umri hata kama kashata imejaa, na tairi gumu kwenye lami iliyolowa ni sawa na tairi lililolika. Watengenezaji wengi wa magari wanataka tairi litiliwe shaka baada ya miaka sita, na wa matairi wanaweka ukomo wa miaka kumi hata likionekana zuri. Ongeza psi 8 zisizohitajika, ambazo zinapunguza eneo linalogusa barabara, na umejenga gari lenye mbele nzuri na nyuma mbovu, mpangilio mbaya kuliko yote kwa difu ya nyuma.

#19 Spana Kumi na Nne

Badilisha matairi, sikatazi. Lakini ukiyabadilisha ukaendelea kukanyaga hadi gia ishuke katikati ya kona, utarudi humu na uzi mwingine wenye matairi mapya.

#20 Bi Mkufunzi

Ninafundisha udereva, na naomba turudi kwa dereva, kwa sababu swali la msingi lilikuwa mguu na mikono vifanye nini.

Kwanza ni kuzuia. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, breki iachiliwe taratibu, kisha mafuta kidogo ya kulishikilia gari likiwa ndani ya kona, na mafuta ya kuondokea yaongezwe kwa kadiri usukani unavyorudi kunyooka. Huwaambia wanafunzi wafikirie kwamba mguu wa kulia umefungwa kamba kwenye usukani: usukani ukiwa umekatwa, mguu hauna ruhusa ya kushuka. Gia vilevile ishushwe kabla ya kona, kwa kuwa kwenye gari la kusukuma injini inapozuia mwendo inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, na klachi ikiachiwa kwa pupa kwenye utelezi ni kama kuvuta breki ya mkono.

Pili ni mkia ukishatoka. Macho yaende kule unakotaka gari lifike, kamwe yasikae kwenye mti au ukingo unaouogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Usukani ugeuzwe kuelekea upande ule ule mkia unaokwenda, yaani mkia ukienda kulia, usukani unakwenda kulia, kwa haraka lakini kwa kipimo. Kama chanzo ni mafuta, mguu upunguze bila kunyanyuka wote. Kisha sehemu ambayo watu husahau: mkia unapoanza kurudi, usukani nao urudishwe mapema, kabla gari halijanyooka kabisa. Anayechelewa hapo hutupwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na ajali nyingi za namna hii hutokea kwenye mteleko huo wa pili.

Yule mtu wa tatu, wa breki, hakukosea kila kitu. Gari likishazunguka kiasi kwamba haliwezi kuokolewa, breki hadi chini pamoja na klachi, kama ni manuali, ndilo lililobaki, kwa sababu unapunguza kasi ya kugonga. Kabla ya hapo, breki ya ghafla katikati ya kona inaongeza tatizo, na ABS haibadilishi hilo kwa kuwa kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge, wala haina habari kwamba gari linaenda ubavu.

#21 Dereva wa Usiku

Nani basi aliyelinyoosha gari la Mgeni, kama si ABS?

#22 Nguvu na Kani

Mfumo wa kudhibiti uthabiti, ambao kila kampuni inauita kwa herufi zake: ESC, ESP, VSC, DSC. Una sensa inayopima gari linavyojizungusha na nyingine inayopima usukani umekatwa kiasi gani, na vitu viwili hivyo visipolingana unapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu moja moja. Mkia ukitoka, unafunga zaidi gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona, ili kulivuta gari lirudi. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kufanya hivyo, kwa sababu pedali ni moja na magurudumu ni manne. Bosch na Mercedes-Benz waliuleta sokoni mwaka 1995 kwenye S 600 ya milango miwili, wakiwa wa kwanza duniani.

#23 Mzee wa Propela

Hapo kwa "wa kwanza duniani" ungeweka tahadhari kidogo. Mwaka huo huo wa 1995 Toyota nao walitoa VSC kwenye Crown Majesta. ABS ya Bosch ni ya zamani kuliko mifumo hiyo, ilikuja kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Na mfumo wa uthabiti uligeuka kuwa sharti la kisheria baadaye sana: Marekani kwa magari madogo ya kuanzia toleo la 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Gari lililotumika la kabla ya hapo linaweza kuwa nao au lisiwe nao, hata kama ni la aina ile ile.

#24 Mpenda Moshi

Nimesoma kurasa zote na sijaona mtu anayesema ukweli rahisi. Hakuna anayejifunza kuogelea kwa kusoma. Atafute uwanja mkubwa uliolowa, usio na nguzo wala ukingo, abonyeze kitufe cha VSC gari likiwa limesimama na akishikilie zaidi ya sekunde tatu, maana kwenye Toyota nyingi kubonyeza mara moja kunazima udhibiti wa mafuta tu, halafu auzungushe mkia mpaka mikono yake ijue yenyewe. Siku hatari ikija, hatakuwa na muda wa kukumbuka duara la Mjerumani.

#25 Bi Mkufunzi

Mpenda Moshi, mazoezi kwenye eneo lililofungwa, pamoja na mkufunzi aliyekaa pembeni, nayaunga mkono, na mwanafunzi akihisi mkia ukitoka kwa kilomita 25 kwa saa anaelewa mengi kuliko kwenye ubao wangu. Lakini lipo jambo ambalo wapenda kuteleza hawapendi kulisikia. Norwei walifanya mafunzo ya kudhibiti gari kwenye utelezi kuwa ya lazima, na walipopima matokeo, vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye barabara telezi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba walitoka wakijiamini kuliko ujuzi walioupata. Tangu hapo mafunzo ya nchi za kaskazini mwa Ulaya yalielekea kumwonyesha dereva jinsi mshiko unavyopotea kwa urahisi, badala ya kumwahidi kwamba ataurudisha.

#26 Mpenda Moshi

Hao walifundishwa mara moja wakaachwa. Ujuzi wa mikono haushiki kwa siku moja, na ukiachwa unapotea. Utafiti huo unapinga mafunzo mafupi, haupingi mazoezi.

#27 Dereva wa Usiku

Inawezekana wote mnasema kitu kimoja. Hata hivyo Mpenda Moshi, uwanja usio na nguzo unapatikana wapi? Kila eneo la maegesho ninalolijua lina nguzo za taa, na mkia unazipenda.

#28 Pikapu Tupu

Naomba nichangie kuhusu uzito, ambao mmeugusa kidogo tu. Sedani ya Mgeni ina mkia mzito ukilinganisha na pikapu yangu, ambayo ikiwa tupu nyuma yake haina kitu zaidi ya bati na ekseli. Kwenye changarawe, mkia unatoka hata nikiwa na mguu mwepesi, na nikipakia unatulia. Wengine hubeba mifuko ya mchanga wakati wa mvua, na inasaidia ikiwa imewekwa juu ya ekseli na kufungwa imara. Ikirundikwa nyuma kabisa inanyanyua pua, usukani unakuwa mwepesi, na umetibu ugonjwa mmoja kwa kuuleta mwingine.

#29 Nguvu na Kani

Tena uzito wa nyuma ukizidi una hatari yake. Porsche 911 ina injini nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ina mshiko mwingi wa kuondokea, lakini uzito huo ukishaanza kwenda ubavuni ni mgumu kuusimamisha. Kwa magari ya toleo la 1969 walirefusha umbali kati ya ekseli kwa milimita 57 ili kulituliza. Mchanga wako ni mdogo kuliko injini, ila kanuni ni ile ile.

#30 Kona ya Tatu

Na haya magari ya umeme? Mengi yana mota nyuma, na watu wanayasifu kwamba hayatelezi.

#31 Spana Kumi na Nne

Mota ya umeme inatoa nguvu yake papo hapo, na hilo ni baya kwa tairi, lakini kompyuta inaipunguza haraka kuliko injini ya petroli inavyoweza kupunguzwa, na hilo ni zuri. Pa kuangalia ni unaponyanyua mguu. Mota inageuka kuwa jenereta na kuzuia magurudumu ya nyuma, na kama imewekwa kwenye kiwango kikali, barabara ikiwa telezi sana, unapata kile kile Bi Mkufunzi alichokisema kuhusu klachi. Mengi yanakuruhusu kupunguza kiwango hicho.

#32 Mgeni wa Difu

Nimeagiza matairi mawili ya aina moja na ya mbele, na yatakaa nyuma kwa psi 32. Bushi itabadilishwa siku hiyo hiyo. Kitufe cha SNOW nimekiona, kilikuwa kimefichwa chini ya kifuniko cha sigara. Naomba kuuliza kimoja: nikikibonyeza, mfumo wa uthabiti unaendelea kufanya kazi?

#33 Spana Kumi na Nne

Unaendelea. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ila subiri kwanza uendeshe kwenye mvua kabla ya kubadilisha bushi, ili tujue kilichokusaidia ni kipi.

#34 Tairi Kipara

Ni matairi. Wala hakuna haja ya kusubiri.

#35 Bi Mkufunzi

Spana, usimshauri mtu aendeshe na bushi iliyopasuka kwa ajili ya kumaliza ubishi wa humu.

#36 Spana Kumi na Nne

Bi Mkufunzi, imeanza tu kupasuka, na fundi mwenzangu amesema haijaisha. Lakini sawa, abadilishe. Mkia ukitoka tena, safari hii mtaniambia ni tairi gani.